Chupa ya Chai Huchaguliwa kwa Maji Moto, Si kwa Rangi

Hii ni nakala ya mazungumzo ya elimu kwa wanunuzi, yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wadi, vikundi vya akina mama na vituo vya bodaboda. Mkazi aliyekosa nafasi ya kuhudhuria anaombwa kuisoma, kisha ampe jirani.



Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mama wa chai huwa ameshafika kwenye kivuko cha Likoni. Mahamri ameyafunika kwa kitambaa, vikombe vimo ndooni, na chupa zake za chai zimepangwa mstari mmoja. Wateja wake ni vibarua wanaoelekea bandarini, utingo wa matatu na askari wa usiku wanaorudi nyumbani. Mteja anapofika haulizi bei kwanza. Huuliza, "Chai iko moto?"

Biashara yote ya mama huyo iko ndani ya swali hilo. Chukua mfano wa chupa ya lita 3. Kikombe cha mililita 200 kinatoka mara 15. Kikiuzwa Sh20, chupa moja ni Sh300. Ikiwa chai imepoa kufikia saa mbili asubuhi na nusu yake haijauzwa, Sh150 zimekwama humo. Kwa chupa tatu hizo ni Sh450, na hapo hayajahesabiwa maziwa, majani, sukari wala makaa ya kuichemsha upya. Kisa hiki ni cha mama wa chai, lakini pia ni cha mwendeshaji bodaboda aliyebeba uji, cha mwanafunzi aliyebeba maji baridi, na cha muuguzi wa zamu ya usiku. Kila mmoja amelipia joto au baridi idumu. Swali ni kama amepata alicholipia.

Wakazi wa Pwani wanalijua dele la kahawa. Muuza kahawa hutembea nalo mitaani likiwa juu ya makaa, na kahawa hubaki moto kwa sababu moto umo chini yake. Chupa ya chai haina makaa. Haitengenezi joto hata kidogo. Kazi yake ni kulizuia joto lililowekwa ndani lisitoke. Ndiyo maana chupa hiyohiyo inayohifadhi chai moto huhifadhi pia maji ya barafu: joto la nje linazuiwa kuingia kama lile la ndani linavyozuiwa kutoka. Muuzaji anayesema kuna chupa ya moto na nyingine ya baridi, na kwamba mteja anahitaji zote mbili, anauza mara mbili.

Aliyebuni chombo hiki ni James Dewar, mwanasayansi kutoka Uskoti, mwaka 1892 jijini London. Hakuwa akitafuta chai. Alikuwa akifanya utafiti wa gesi zilizopozwa mpaka zikawa majimaji, na alihitaji chombo cha kuzihifadhi zisivukize haraka. Alichukua chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, akaziunganisha mdomoni, kisha akaondoa hewa iliyokuwa katikati. Mwaka 1904 kampuni ya Ujerumani ilianza kuiuza chupa hiyo kwa watu wa kawaida kwa jina la Thermos, na jina hilo likaenea hadi likawa themosi ya nyumbani. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley alitengeneza ile ya chuma kitupu, isiyo na kioo.

Siri, basi, ni nafasi iliyo kati ya kuta mbili. Nafasi isiyo na hewa huitwa ombwe. Joto husafiri kwa njia tatu: kwa kugusana, kwa mzunguko wa hewa au maji, na kwa mnururisho kama ule wa jua. Ombwe hufunga njia mbili za kwanza, kwa kuwa hapana kitu cha kulibeba joto. Ule mng'ao wa kioo au chuma hupunguza njia ya tatu kwa kulirudisha joto lilikotoka. Hubaki mlango mmoja tu, nao ni mdomo wa chupa. Kwa hivyo mnunuzi ana mambo mawili makubwa ya kuangalia: ombwe na kifuniko. Rangi, maua, mshipi wa kubebea na maandishi ya dhahabu hayashiki joto.

Tatizo ni kwamba ombwe halionekani kwa macho. Sokoni kuna vikombe vya safari vyenye ukuta mmoja wa chuma vilivyopakwa rangi vikafanana na vile vyenye kuta mbili. Viko pia vyenye kuta mbili lakini katikati mna hewa ya kawaida. Hivyo havimchomi mtu mkononi upesi, lakini chai hupoa mapema. Wako wanunuzi wanaoweka sikio mdomoni mwa chupa wasikie mvumo, wakaamini ni nzima. Mvumo huo si ushahidi, kwa kuwa chombo chochote kitupu huvuma hivyo, hata mtungi na kombe la baharini.

Kipimo cha kweli ni maji moto. Mnunuzi aombe maji yaliyochemka, au aje nayo. Ayatie mpaka chupa ijae, aifunge, kisha asubiri dakika 10. Baada ya hapo apitishe kiganja kwenye mwili wa chupa, kuanzia chini hadi karibu na shingo. Shingo ikiwa na uvuguvugu, hapana neno, kwa kuwa hapo ndipo kuta zinapokutana. Lakini ubavu au kitako kikiwa cha moto, ombwe halipo, hata kama chupa imetoka kwenye boksi muda huohuo. Kisha aipindue chini juu kwa dakika moja juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kifuniko hakifai, na chupa hiyo itamwaga chai ndani ya mkoba au mapajani mwa abiria.

Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kukataa kipimo hiki. Akikataa, mnunuzi apime nyumbani siku hiyohiyo, akiwa ameweka risiti na boksi.

Kuhusu kioo na chuma, hakuna kibaya wala kizuri kila mahali. Chupa ya kioo huhifadhi joto vizuri sana, haishiki harufu ya tangawizi wala iliki, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Kwa meza ya nyumbani, ofisini, msikitini au kanisani, inatosha. Udhaifu wake ni kuanguka na mshtuko wa joto: kumimina maji yanayochemka ndani ya kioo kilicho baridi sana kunaweza kukipasua. Mnunuzi wa chupa ya kioo aitikise polepole. Ikilia kama ina changarawe, aiache. Na kioo kikipasuka siku yoyote, chai yote imwagwe. Isichujwe kwa kitambaa wala kwa chujio, kwa kuwa vipande vyembamba hupita.

Chupa ya chuma kisichoshika kutu ndiyo ya safari, shamba, jengoni na juu ya bodaboda. Kwenye nyingi huandikwa 304 au 18/8. Maana yake ni kwamba chuma hicho kina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, madini yanayokilinda dhidi ya kutu. Kuna daraja la 316 lililoongezwa molibidenamu, linalostahimili chumvi vizuri zaidi, jambo lenye maana kwa mvuvi na kwa mkazi wa ufuoni. Kuna pia daraja la 201, la bei ya chini, lenye nikeli kidogo, ambalo hushika kutu mapema. Baadhi ya wanunuzi hutumia sumaku kupima. Sumaku iking'ang'ania kwa nguvu ndani ya chupa, hiyo ni dalili mbaya. Isipong'ang'ania, bado haijathibitisha kitu, kwa kuwa hata 201 kwa kawaida haivutwi. Kwa hiyo sumaku humkamata mwongo mmoja na kumwachilia mwingine.

Kitako nacho kiangaliwe. Baadhi ya viwanda huziba tundu la kutolea hewa kwa tone la risasi, madini yenye sumu, kisha hulifunika kwa kibati. Kibati kikiwa imara, tone hilo haligusani na chai. Kiking'oka, chupa hiyo isitumike tena, na isiachwe mikononi mwa watoto.

Kifuniko kizuri ni rahisi kufungua, kufunga na kuosha. Mpira wake wa kuziba uweze kutolewa na kurudishwa. Kikombe cha safari chenye tundu la kunywea kwenye kifuniko hupoteza joto haraka kuliko chupa yenye kizibo cha kuzungusha. Hilo si kosa la kiwanda, ni kazi yake kuwa tofauti. Kikombe ni cha safari ya saa moja au mbili. Chupa ni ya kutwa. Anayehitaji chai ya saa sita mchana asinunue kikombe kisha akakilaumu.

Maandishi ya boksi yasomwe kwa makini. "Saa 24" si ahadi kwamba chai itakuwa moto wa kuunguza kesho yake. Muda huo hupimwa chupa ikiwa imejaa, imefungwa, bila kufunguliwa. Chupa kubwa huhifadhi joto kwa muda mrefu kuliko ndogo, na iliyojaa kuliko iliyo nusu. Mama wa chai anayefungua chupa moja mara 15 hawezi kupata saa za boksi. Afadhali awe na chupa mbili za lita moja na nusu kuliko moja ya lita 3, ili moja ibaki imefungwa wakati nyingine inauzwa. Na kabla ya kutia chai, chupa itiwe maji moto kwa dakika 5, yamwagwe, ndipo chai iingie. Bila hivyo chai hutumia joto lake kuipasha chupa.

Sasa suala la afya, ambalo ni zito kuliko pesa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaana kwa kasi. Chupa mbovu huiweka chai ya maziwa, uji au supu katika uvuguvugu huohuo, tena kwa saa nyingi. Inakuwa kitanda cha vijidudu. Kwa hiyo chai ya maziwa iliyopoa ndani ya chupa tangu jana imwagwe. Kuichemsha upya si dawa ya uhakika, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu hazifi kwa moto. Na uji uliochacha usifungwe kwenye chupa isiyopitisha hewa, kwani gesi yake inaweza kurusha kizibo.

Mama mwenye mtoto anayetumia maziwa ya unga abebe maji moto peke yake na unga peke yake, achanganye wakati wa kulisha. WHO hushauri maji ya kuchanganyia yasiwe chini ya nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Hapa chupa nzima si anasa.

Upande wa pili, joto lenyewe linadhuru. Mwaka 2016, wataalamu wa saratani wa WHO walitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda kunasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Saratani hiyo imo miongoni mwa zinazoonekana sana nchini Kenya. Chupa nzuri huweka chai juu ya kiwango hicho kwa muda mrefu, kwa hivyo chai imiminwe kikombeni, ipoe kidogo, ndipo inywewe. Kunywa moja kwa moja kutoka kwenye chupa yenye chai iliyotoka kuchemka ni hatari ya ulimi leo na ya umio kesho.

Watoto nao wakumbukwe. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chai ya nyuzi 70 humuunguza kwa muda wa kupepesa jicho. Chupa ya kubonyeza iwekwe mbali na ukingo wa meza, na isikae juu ya kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta. Akiungua, sehemu hiyo ipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai.

Mnunuzi ana haki zake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika, kulindwa kwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa anapopata hasara au madhara kutokana na bidhaa yenye kasoro. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012. Kibao dukani kinachosema bidhaa ikiuzwa hairudishwi hakiifuti Katiba. Mnunuzi atafute alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Bidhaa iliyotengenezwa nchini huwa na alama ya ubora yenye nambari ya kibali, na mwananchi anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi wa SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023. Bidhaa iliyoagizwa kutoka nje huwa na kibandiko chake cha KEBS.

Chupa ya maji ya kujaza tena ina faida nyingine kwa mkazi wa Pwani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zilizo maeneo ya hifadhi. Anayewapeleka watoto huko na chupa yao ya maji baridi hatakuwa na la kujibu langoni.

Ikishanunuliwa, chupa hudumu kwa matunzo. Ioshwe kila siku, na mpira wa kifuniko utolewe angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa maziwa hujificha chini yake. Madoa ya chai huondoka kwa kijiko cha soda ya kuokea na maji moto yaliyoachwa kwa muda, kifuniko kikiwa wazi. Waya wa kusugulia sufuria usitumike ndani. Dawa ya madoa yenye klorini nayo isitumike kwenye chuma, kwani hukitoboa vitundu na kuleta kutu. Chupa isiwekwe jikoni juu ya moto, wala kwenye friza. Ikikaa bila kazi, ikae wazi na kavu. Ikibonyea sana na ubavu ukaanza kupata joto, ombwe limekwisha, na hakuna fundi wa mtaani atakayelirudisha kwa kuchomelea. Hapo ibadilishwe kazi, iwe ya kuwekea mchele au maharagwe makavu.

Mwisho ni hesabu. Chukua chupa ya Sh800 inayodumu miezi 4. Hiyo ni Sh200 kwa mwezi. Chupa ya Sh2,400 inayodumu miaka 3 ni takriban Sh67 kwa mwezi. Ya bei ya juu imekuwa rahisi. Lakini hesabu hii inageuka ikiwa ile ya Sh2,400 ni rangi tupu, kwa maana bei kubwa bila ombwe ni hasara kubwa. Ndiyo sababu kipimo hutangulia bei: maji yaliyochemka, dakika 10, kiganja ubavuni, kisha kuipindua. Kazi hiyo haichukui robo saa na haina gharama.

Mama wa chai pale kivukoni akifanya hivyo siku ya kununua, atakuwa na jibu kila mteja atakapouliza kama chai iko moto. Atamimina tu, na mvuke utajibu.